Ephraim Amu: Toni za Lugha na Ujenzi wa Muziki wa Kwaya Afrika Magharibi

1.0 Utangulizi

Historia ya muziki wa kwaya barani Afrika imeandikwa kwa kiasi kikubwa kama historia ya upokeaji. Husimuliwa jinsi wamisionari walivyoleta tenzi na vinanda, jinsi wanafunzi wa shule za misheni walivyofundishwa kuimba kwa sauti nne, na jinsi kwaya zilivyoenea kutoka vituo vya misheni hadi vijijini. Simulizi hiyo si ya uongo, lakini ina pengo. Haielezi vya kutosha kazi ya walimu Waafrika waliokalia viti vya vinanda hivyo, wakatambua kwamba nyimbo walizokuwa wakizifundisha zilikuwa zikiipotosha lugha yao wenyewe, kisha wakaamua kutafuta njia nyingine.

Mmoja wa walimu hao ni Ephraim Amu wa Ghana (1899-1995), mpiga kinanda, kiongozi wa kwaya, mtunzi na mkufunzi wa walimu wa muziki. Makala haya yanaeleza maisha yake kwa kuzingatia zaidi swali moja lililomshughulisha tangu ujana hadi uzee, nalo ni uhusiano kati ya toni za lugha na mahadhi ya wimbo. Swali hilo ni la kiisimu kama lilivyo la kimuziki. Kwa msomaji wa Kiswahili, linaweza kuonekana kuwa la mbali, kwa kuwa Kiswahili sanifu si lugha ya toni. Hata hivyo, lugha nyingi za Kibantu zinazozungumzwa sambamba nacho, kama vile Kisukuma, Kihaya, Kichaga na Kikuyu, ni lugha za toni, na Kiswahili chenyewe kina kanuni yake ya mkazo ambayo wafasiri wa tenzi hawakuiheshimu kila mara.

2.0 Kuzaliwa na Malezi ya Awali

Amu alizaliwa Peki-Avetile, katika eneo la Waewe mashariki ya mto Volta, nchi ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya koloni la Waingereza la Gold Coast. Cheti chake cha ubatizo kinaonyesha kuwa alibatizwa tarehe 22 Oktoba 1899, lakini hakionyeshi siku ya kuzaliwa. Familia yake iliamini kwamba alizaliwa tarehe 13 Septemba mwaka huo. Jina lake la nyumbani, Koku, linaafikiana na imani hiyo, kwani kwa desturi ya Waewe jina hilo hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa Jumatano, na tarehe hiyo iliangukia Jumatano.

Peki ilikuwa na nafasi ya pekee katika historia ya Ukristo wa Waewe. Ni hapo ambapo misheni ya Bremen kutoka Ujerumani ilianza kazi yake mwaka 1847. Magharibi ya Volta, miongoni mwa Waakan, ilifanya kazi misheni ya Basel. Misheni zote mbili zilithamini sana lugha za wenyeji. Mmisionari wa Basel, J. G. Christaller, alichapisha sarufi ya Kitwi mwaka 1875 na kamusi yake mwaka 1881, na katika kazi hizo aliishughulikia toni kwa makini ambayo wanaisimu wa baadaye wameistahi. Kwa upande wa Kiewe, Diedrich Westermann alitoa kamusi na sarufi mwanzoni mwa karne ya ishirini.

Pamoja na hayo, muziki wa wenyeji haukupewa heshima iliyopewa lugha yao. Wakristo walihimizwa kukaa katika mitaa yao wenyewe, iliyojulikana kama Salem katika maeneo ya Basel, mbali na jamaa zao ambao hawakubatizwa. Ngoma zilihesabiwa kuwa za upande wa pili. Ndani ya kanisa ziliimbwa tenzi za Kijerumani zilizotafsiriwa kwa Kitwi na Kiewe, mahadhi yakibaki kama yalivyotoka Ulaya. Hivyo ikatokea hali ya kushangaza: misheni ileile iliyotoa wataalamu wa kueleza toni za lugha katika vitabu ilikuwa ikizivunja toni hizo kila Jumapili katika ibada.

Amu aliingia shule mwaka 1906, na mnamo 1912 akajiunga na shule ya kati ya bweni ya Peki-Blengo. Huko mambo mawili yalimvutia: kilimo na muziki. Alikuwapo mwalimu aliyeitwa Theodore Ntem, ambaye alipiga kinanda wakati waumini walipotoa sadaka. Amu alivutiwa mno na upigaji huo. Wawili hao wakapatana: mwalimu angemfundisha muziki, na mwanafunzi angelipa kwa kulima shamba la mwalimu. Ada ya muziki wa Amu, kwa hiyo, ililipwa kwa jembe. Mapatano hayo yanaeleza pia tabia moja iliyodumu kwake maisha yote, yaani kutotenganisha kazi ya mikono na kazi ya elimu.

Mwaka 1916 alikwenda Abetifi, katika nchi ya Kwahu, kusomea ualimu na ukatekista katika seminari ya Basel. Hakukuwa na gari. Yeye na wenzake walisafiri kwa miguu huku wakijichukulia mizigo na chakula. Akiwa huko vita vikuu vya kwanza vilibadilisha mambo. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni iliwafukuza wamisionari wa Basel, na baada ya muda nafasi yao ikachukuliwa na misheni ya Waskoti. Wanafunzi wa kizazi cha Amu walishuhudia jinsi kanisa lililoonekana kuwa la Wajerumani na Waswisi lilivyoweza kubadili wakubwa wake kwa muda mfupi, ilhali waumini, lugha na nchi vilibaki vilevile.

3.0 Mwalimu na Kinanda Chake

Tarehe 1 Novemba 1920, Amu alianza kufundisha Peki-Blengo, katika shule ileile alikosomea. Aliona upesi kwamba wanafunzi wasingeweza kuimba vizuri bila chombo cha kuwaongoza. Shule haikuwa nacho. Alikwenda hadi Koforidua, akanunua kwa fedha zake kinanda cha kukunja chenye oktava tano. Gari lilimfikisha Frankadua tu. Kutoka hapo alikitwika kinanda kichwani, akatembea usiku kucha kiasi cha maili 18 hadi Peki.

Kisa hicho husimuliwa mara nyingi nchini Ghana, na kwa kawaida hutumiwa kuonyesha bidii ya kijana. Lakini kina maana zaidi. Wakati huo kinanda kilikuwa alama ya mamlaka ya misheni. Kilikaa kanisani, na aliyekipiga alihesabiwa kuwa mtu wa elimu. Amu alikifanya kuwa kifaa cha kazi cha mwalimu wa kijiji. Baadaye alipokuja kuutetea muziki wa Kiafrika, hakuutetea kama mtu aliyeshindwa kuujua wa Ulaya. Alikuwa amekwisha kuubeba kichwani mwake, kwa maana zote mbili.

Katika miaka hiyo ya Peki aliongeza elimu ya nadharia ya muziki kwa msaada wa kasisi wa Kimethodisti, Allotey-Pappoe, aliyekuwa akihudumu hapo. Alipitia vitabu vya upatanifu wa sauti na kuanza kutunga. Nyimbo zake za mwanzo zilifuata kielelezo alichokijua, yaani utenzi wa sauti nne wenye beti zinazofanana.

4.0 Akropong: Toni na Mahadhi

Mwezi Januari 1926 Amu alihamia chuo cha ualimu cha Wapresbiteri cha Akropong-Akuapem, chuo kilichoanzishwa mwaka 1848 na ambacho kwa miongo mingi kilitoa walimu na makatekista wa eneo kubwa la Gold Coast. Hapo ndipo kazi yake kuu ilipochukua sura. Alianza kuwaendea wazee na waimbaji wa vijijini, akisikiliza nyimbo zao, akiziandika kwa nota na kuuliza kanuni zake. Jambo alilolitambua lahitaji kuelezwa kiisimu.

Katika Kitwi, kiwango cha sauti katika silabi hutofautisha maana. Mfano unaojulikana sana ni ule wa neno lenye silabi mbili, *papa*. Likitamkwa kwa toni ya juu katika silabi zote mbili lina maana ya wema au kitu chema. Likitamkwa kwa toni ya chini kisha ya juu, ni baba. Likitamkwa kwa toni ya chini katika silabi zote mbili, ni kipepeo cha kujipungia upepo. Aidha, sentensi nzima ya Kitwi ina mteremko wa toni: toni ya juu inayofuata toni ya chini haifikii tena kimo cha toni ya juu iliyotangulia, hivyo usemi hushuka hatua kwa hatua kuelekea mwisho wake.

Mtunzi wa tenzi za Ulaya hakuwa na haja ya kuyajali hayo. Katika Kijerumani au Kiingereza, kupanda au kushuka kwa mahadhi hakubadili maana ya neno. Kwa hiyo tenzi zao zina mahadhi mamoja yanayorudiwa kwa beti zote. Zikiingizwa katika Kitwi, maneno ya kila ubeti hulazimishwa kupanda pasipopanda na kushuka pasiposhuka. Waumini waliozoea huelewa kwa kuwa wanayajua maneno, lakini mgeni anayesikiliza kwa mara ya kwanza hupata shida. Tatizo lingine ni la mapigo: silabi isiyo na uzito katika usemi huangukia pigo zito la wimbo, na silabi nzito hukimbizwa.

Amu aliamua kwamba mahadhi lazima yatokane na maneno. Alianza na matini, akaisema kwa sauti, akafuatilia mwinuko na mshuko wake, kisha akaunda mahadhi juu ya mchoro huo. Uamuzi huo ulikuwa na matokeo makubwa kwa umbo la wimbo. Kama mahadhi yanafuata toni, basi beti mbili zenye maneno tofauti haziwezi kutumia mahadhi yaleyale, maana toni zake hazilingani. Ndiyo maana nyimbo nyingi za Amu hazijengwi kwa beti za kurudiwa. Huendelea kutoka mwanzo hadi mwisho pamoja na maana ya matini. Sauti za chini nazo zilimletea tatizo. Katika utenzi wa Ulaya, kila sauti huenda njia yake, hivyo hata kama sauti ya kwanza ikifuata toni, sauti ya tatu au besi inaweza kuzipinga. Amu alitumia kwa wingi mwendo wa sambamba, hasa wa tatu-tatu, ambao tayari ulikuwapo katika uimbaji wa Waakan, ili sauti zipande na kushuka pamoja. Penginepo aliziacha sauti ziingie moja baada ya nyingine, kwa namna ya kiongozi na waitikiaji.

Kuhusu mapigo, Amu alichukua kutoka katika ngoma mpishano wa mapigo mawili dhidi ya matatu, na akahangaika kwa miaka mingi kutafuta namna ya kuuandika kwa nota za Ulaya, ambazo mistari yake ya kugawia mapigo iliundwa kwa muziki wa aina nyingine.

Kwa kuwa chuo cha Akropong kilikuwa cha wanaume, nyimbo nyingi za wakati huo zilitungwa kwa sauti za kiume. Kutokana na kazi hiyo kulitoka mkusanyo wa nyimbo 25 za Kitwi uliochapishwa London mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1929 Amu alitunga wimbo wake mashuhuri kupita zote, *Yɛn Ara Asaase Ni*, unaosema juu ya nchi iliyoachwa na wahenga waliotoa damu yao, na juu ya wajibu wa kizazi kilichopo wa kuiendeleza. Yafaa kukumbuka kwamba uliandikwa miaka 28 kabla ya uhuru wa Ghana, katika chuo cha kanisa chini ya serikali ya kikoloni. Wimbo huo una matini ya Kiewe pia, jambo linaloonyesha kwamba mtunzi wake, Mwewe aliyefundisha miongoni mwa Waakan, hakutaka nchi aliyoiimba iwe mali ya kabila moja.

5.0 Vazi na Mimbari

Fikra hizo hazikuishia katika nota. Kama ibada iliyoimbwa kwa toni za kigeni ilikuwa na kasoro, Amu alijiuliza kwa nini mwalimu wa Kiafrika avae suti ya sufu katika joto la Akuapem ili kuiongoza. Aliacha mavazi ya Ulaya na kuvaa nguo zilizofumwa nchini. Aliingiza pia ala za Kiafrika katika shughuli za wanafunzi.

Mwaka 1931 alipanda mimbarini kuhubiri akiwa amevaa kitambaa cha asili, kwa namna wavaavyo wazee wa Kiakan. Wakubwa wa kanisa walimwita na kumkanya. Ni muhimu kutambua kwamba waliomkanya hawakuwa wageni peke yao. Miongoni mwa viongozi wa kanisa walikuwamo Waafrika waliolelewa katika mitaa ya Salem, ambao kwao kitambaa na ngoma vilikuwa alama ya maisha ambayo wazazi wao waliyaacha kwa gharama kubwa. Kwa mtazamo wao, Amu alikuwa akibomoa ukuta uliowatenga na upagani. Kwa mtazamo wa Amu, ukuta huo ulikuwa umejengwa mahali pasipo pake, nao ulikuwa ukimtenga Mkristo na lugha yake, nchi yake na wazee wake. Pande zote mbili zilijiona kuwa zinailinda imani.

Amu hakurudi nyuma. Mwaka 1933 aliondolewa kazini. Alikuwa na umri wa miaka 34, mwenye mke na majukumu, na chuo alichokipoteza ndicho kilichokuwa na kwaya iliyojifunza kuimba muziki wake. Kwa mwalimu wa misheni wa zama hizo kufukuzwa hakukuwa jambo dogo: shule nyingi zilikuwa mikononi mwa makanisa, na aliyekataliwa na moja alikuwa na milango michache ya kubisha.

6.0 Achimota na London

Mlango uliofunguka ulikuwa wa Achimota. Shule hiyo, karibu na Accra, ilifunguliwa rasmi mwaka 1927 kwa juhudi za gavana Guggisberg, mkuu wake wa kwanza A. G. Fraser, na msaidizi wake J. E. K. Aggrey. Aggrey, aliyefariki mwaka huohuo wa 1927, anajulikana pia katika Afrika Mashariki, kwani mwaka 1924 alizitembelea nchi zetu pamoja na tume ya elimu ya Phelps-Stokes. Alikuwa na desturi ya kueleza uhusiano wa watu weupe na weusi kwa mfano wa vibao vya kinanda, na nembo ya Achimota ilichorwa vibao vyeupe na vyeusi kwa kumbukumbu ya mfano huo. Ilikuwa haki kwamba mpiga kinanda aliyefukuzwa kwa sababu ya vazi apokelewe chini ya nembo hiyo.

Amu alianza kazi Achimota mwaka 1934. Hapo aliruhusiwa kuvaa alivyotaka, kufundisha muziki wa Kiafrika na kuongoza kwaya ya wanafunzi wa kike na wa kiume waliotoka katika makabila mbalimbali. Hata hivyo Achimota nayo ilikuwa taasisi ya kikoloni, na muziki wa Ulaya ulikuwa na nafasi kubwa katika ratiba yake. Tofauti ni kwamba hapo Amu hakulazimishwa kuchagua mmoja na kuutupa mwingine.

Mwaka 1937 alikwenda London kusoma katika chuo cha kifalme cha muziki, Royal College of Music. Alikaa huko hadi vita vikuu vya pili vilipokuwa vimekwisha kuanza, akarudi na stashahada ya chuo hicho. Wapo waliohofu kwamba masomo hayo yangemrudisha katika muziki wa kigeni. Matokeo yalikuwa kinyume. Elimu ya ufumaji wa sauti nyingi ilimpa vifaa vipya vya kutatua matatizo aliyokuwa nayo tangu Akropong, na tungo zake za baadaye ni ndefu zaidi, zenye sauti zinazofuatana na kuitikiana kwa ustadi mkubwa. Mfano mzuri ni wimbo wake kuhusu ufumaji wa kente katika mji wa Bonwire, ambamo sauti za waimbaji huiga mlio wa kitanda cha mfumi.

Katika kipindi hicho alishughulikia pia filimbi ya mianzi iitwayo *atenteben*. Filimbi hiyo ilijulikana kwa Waakan kama ala ya maombolezo. Amu aliitengeneza kwa mikono yake, akatafuta namna ya kuifanya ilingane na kwaya, na kuwafundisha wanafunzi kuipiga. Leo inafundishwa katika shule nyingi za Ghana, na wengi wanaoipiga huidhania kuwa ala ya shule tangu zamani.

7.0 Mkufunzi wa Walimu

Mchango mkubwa wa Amu uliosahauliwa zaidi ni ule wa ukufunzi. Alifahamu kwamba nyimbo peke yake hazitoshi. Bila walimu wanaojua kanuni zake, zingebaki kuwa nyimbo za mtu mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mafunzo maalumu ya walimu wa muziki yalianzishwa Achimota, naye akawa nguzo yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mafunzo hayo yalihamishiwa Kumasi, katika chuo cha teknolojia, na Amu akahama nayo. Alifanya kazi huko hadi alipostaafu mwaka 1960. Mwanafunzi wa mafunzo hayo alitakiwa ajue kinanda na nota, lakini pia ajue ngoma, filimbi na toni za lugha yake.

Kustaafu hakukuwa mwisho. Mwaka 1962 aliitwa kufundisha katika Taasisi ya Taaluma za Kiafrika ya Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, taasisi ambayo Rais Kwame Nkrumah aliizindua rasmi mwaka 1963. Huko alifanya kazi na J. H. Kwabena Nketia, ambaye katika ujana wake alimfuata Amu ili kujifunza kwake, na ambaye baadaye alikuja kuwa mtaalamu mkuu wa muziki wa Kiafrika duniani. Chuo Kikuu cha Ghana kilimtunuku Amu shahada ya heshima ya udaktari mwaka 1965. Aliendelea kufundisha Legon hadi mwaka 1971, kisha akarejea Peki, ambako aliendelea kutunga na kulima. Alifariki tarehe 2 Januari 1995, akiwa na umri wa miaka 95. Mwaka 2002 benki kuu ya Ghana ilitoa noti ya sedi 20,000 yenye picha yake, iliyotumika hadi sarafu ya nchi ilipobadilishwa mwaka 2007.

8.0 Tathmini

Kazi ya Amu imezua mijadala miwili ambayo haijafungwa. Mjadala wa kwanza unahusu kanuni yenyewe ya toni. Mtafiti wa Kighana Kofi Agawu, katika uchambuzi wake wa mwaka 1988 kuhusu nyimbo za Waewe wa kaskazini, alionyesha kwamba waimbaji wa jadi hawafuati toni za usemi kwa utii kamili. Mara nyingine mantiki ya muziki hushinda. Ikiwa ndivyo, kanuni ya Amu ni kali kuliko desturi aliyoitetea. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haina budi kuwekwa katika wakati wake. Mwimbaji wa jadi anaweza kuikiuka toni kwa sababu wasikilizaji wake wana desturi moja naye. Amu alikuwa akikabiliana na utenzi ambao haukuijali toni hata kidogo. Mtu anayenyoosha mti uliopinda huuvuta zaidi ya pale anapotaka usimame.

Mjadala wa pili unahusu upatanifu wa sauti. Nyimbo za Amu, pamoja na mahadhi na mapigo yake ya Kiafrika, bado zina msingi wa upatanifu wa tenzi alizozipiga utotoni. Katika kazi yake ya mwaka 2016, Agawu ameuelezea upatanifu wa aina hiyo kuwa nguvu mojawapo ya ukoloni barani Afrika. Ni kweli kwamba Amu hakuukana. Alikuwa mpiga kinanda, na masikio yake yalijengwa na kinanda. Hata hivyo hakuuacha ulivyo. Aliulazimisha upite njia iliyochorwa na maneno. Kumlaumu kwa kutoanza upya kabisa ni kumtaka awe mtu asiye na historia.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, maisha haya yana funzo la moja kwa moja. Mkazo wa Kiswahili huangukia, isipokuwa katika maneno machache, silabi ya pili kutoka mwisho. Tenzi nyingi zilizofasiriwa kutoka Kijerumani na Kiingereza zina mistari inayoishia kwa pigo zito, hivyo mwimbaji hulazimika kuweka uzito katika silabi ya mwisho, mahali ambapo msemaji wa Kiswahili hauweki. Waimbaji wameyazoea hayo hata hawayasikii tena, kama vile waumini wa Akropong walivyozoea. Hapa kwetu pia walikuwapo walioliona tatizo. Padre Stephen Mbunga wa Tanzania alilishughulikia suala la muziki wa Kibantu na ibada ya Kikatoliki katika kitabu alichokichapisha mwaka 1963. Lakini uchunguzi wa mkazo na toni katika nyimbo za kwaya zetu, za Kiswahili na za lugha nyingine, bado ni mdogo ukilinganisha na wingi wa kwaya zenyewe.

9.0 Hitimisho

Ephraim Amu alianza kama mwanafunzi aliyelima shamba la mwalimu ili afundishwe kinanda, akamaliza kama mwalimu wa walimu wa taifa zima. Kati ya mwanzo na mwisho huo kuna mwaka 1933, ambapo alitakiwa achague kati ya kazi yake na uthabiti wake, akapoteza kazi. Makanisa ya Ghana yanayotokana na misheni zile zilizomlea leo yanaimba nyimbo zake, ngoma zinalia ndani yake, na waumini huvaa vitambaa vya asili bila kuulizwa na mtu. Mabadiliko hayo yalisababishwa na mambo mengi, uhuru wa nchi ukiwa mojawapo, wala si haki kumpa sifa zote mtu mmoja. Lakini kabla hayajawa jambo la kawaida yalimgharimu mtu, na gharama hiyo ilianzia katika suala ambalo wengi wangeliona dogo: kwamba neno likiimbwa libaki kuwa neno lilelile.